Tunda la bei mbaya na maneno ya sokoni: lipi la kweli, lipi la kuuzia

Siku hizi ukipita soko la Mgandini hapa Tanga asubuhi, jua halijakaza, unaona meza za matunda zimebadilika. Zamani ilikuwa machungwa ya Muheza, maembe, mapapai, fenesi limepasuliwa na nzi wake, basi. Sasa hivi kuna dragoni fruti, kuna kiwi kwenye trei, zabibu nyekundu, epo za Afrika Kusini zinang'aa mpaka unajiona, na kila tunda geni lina hadithi yake ya uponyaji. Unauliza bei tu unajibiwa "chukua hili mama'angu, hili linasafisha damu, linashusha presha, sukari linaiweka sawa", wakati pera liko pale pembeni limepigwa jua na hakuna anayelisemea.

Muuzaji simlaumu, yupo kazini. Tatizo ni kwamba yale maneno hayabaki sokoni, yanaingia majumbani kwa watu wenye presha, wenye kisukari, wenye figo zinazosuasua, na huko ndo yanapoleta balaa. Kwa hiyo nimekusanya yale ninayoyasikia sana hapa Tanga, mengine ni uongo wa wazi, mengine yana ukweli nusu, na machache ni ya hatari kuliko watu wanavyodhani.

"Tunda la nje lina vitamini nyingi kuliko haya yetu"

Hili ndo mama wa yote. Tuchukue vitamini C kwa sababu ndo inayotajwa zaidi. Gramu 100 za pera zina kama miligramu 228. Kiwi ya kijani ina kama 93, na hiyo sio haba, kiwi ni tunda zuri wala sina ugomvi nayo. Papai lina 60 hivi, chungwa 50 na kitu. Epo haifiki hata 5. Dragoni nayo mara nyingi haivuki 10. Sasa mtu mzima anatakiwa apate kati ya miligramu 75 na 90 kwa siku kwa viwango vya Marekani, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema hata 45 zinatosha, yaani pera moja tu dogo la kupondekapondeka umeshamaliza hesabu ya siku nzima na inabaki. Ukizidisha mwili hauweki akiba, unaitoa kwenye mkojo. Na kwa bei ya dragoni moja unaondoka na fungu la mapera na nauli ya bajaji juu.

Ubuyu ndo unanichekesha zaidi. Huku kwetu ni kitu cha watoto wa shule, Ulaya uliruhusiwa rasmi kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008 na leo unauzwa kule kwenye vipakiti vidogo kwa bei ya kutisha kama tunda la maajabu kutoka Afrika. Kwa hiyo wao wanaagiza ubuyu wetu wapone, sisi tunaagiza epo za nje tupone. Ila hapo nao kuna la kuongeza, ubuyu wenye faida ni ule unga mweupe wa kwenye kibuyu wenyewe, unaukoroga kwenye maji unakunywa. Ule mwekundu wa kupikwa na sukari na rangi na vanila ni mtamu, naupenda mno, lakini ni pipi. Vitamini C haipendi moto.

Na huu ugeni tunaousema, tuuangalie vizuri jamani. Pera, papai, nanasi, pesheni, parachichi, stafeli, yote hayo asili yake ni Amerika. Embe limetoka Asia, chungwa vilevile. Katani yenyewe tunayojivunia wana Tanga ililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, asili yake Mexico. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti wa mimea kule Amani, wakawa wanaleta miche ya kila aina kutoka pande zote za dunia, mingine imesimama mpaka leo. Ya kwetu hasa hapa pwani ni kina bungo, ukwaju, ubuyu. Na zile epo, peasi na plamu ambazo mtu wa mjini anaziona ni za Ulaya, panda gari nenda Lushoto ukazikute shambani kwa watu, ndani ya mkoa huuhuu. Kwa hiyo tunda kuja kwa meli hakulipi nguvu yoyote ya ziada, linalipa ushuru tu.

Nisije nikaonekana naponda vya nje, kuna uongo wa upande wa pili pia: eti epo za nje ni sumu kwa sababu zinakaa miezi haziozi na zimepakwa mshumaa. Kukaa zinakaa kweli, miezi mingi tu, kwa sababu zinatunzwa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa hewa ya oksijeni, tunda linakuwa limelala. Ile nta ya juu ni ya kuliwa, na epo yenyewe tangu mtini inatoa nta yake kidogo. Osha, kula. Halafu kuna ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu namba za kwenye stika, kwamba ikianza na 8 ni tunda la kutengenezwa maabara likimbie. Zile ni namba za mashine ya keshia tu. Tarakimu nne maana yake limelimwa kwa njia ya kawaida, tano zinazoanza na 9 ni lile lililolimwa bila kemikali za viwandani. Hiyo 8 ilitengwa kwa ajili ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba lakini madukani haikuwahi kutumika. Aliyeandika ule ujumbe hakuwahi kuiona hiyo stika anayotutisha nayo.

"Stafeli linaua kansa mara elfu kumi kuliko dripu za hospitali"

Hapa naomba tukae kidogo.

Kila mtu ameshaipata hii kwenye simu, mara nyingi ina picha ya stafeli limekatwa katikati na maneno mekundu. Na majani ya mstafeli sasa yanauzwa makavu kwenye mifuko, watu wanachemsha wanakunywa asubuhi na jioni. Chanzo cha hadithi yenyewe sio uongo mtupu, ndo maana haifi: ni kweli maabara zimechukua vitu vilivyomo kwenye stafeli na majani yake, zikaviweka kwenye chembe za saratani zilizooteshwa kwenye kisahani, na zile chembe zikafa. Lakini chembe kwenye kisahani zinauliwa na vitu vingi sana, hata chumvi ukiimimina ya kutosha zinakufa, kazi ngumu ni kumuua mgonjwa... samahani, kuua saratani ndani ya mtu bila kumuua na mtu mwenyewe. Hiyo hatua ya kuwapa wagonjwa wa kweli, kuwalinganisha na wengine na kuonyesha kwamba walipona kwa stafeli, haipo. Hamna dawa ya saratani ya stafeli iliyothibitishwa popote. Hizo mara elfu kumi zimetoka kwenye kisahani, hazijatoka wodini.

Sasa upande usiosambazwa. Visiwa vya Guadeloupe kule Karibi watu wanakula stafeli sana na wanakunywa chai ya majani yake. Mwaka 1999 madaktari wa kule waliandika kwenye jarida la Lancet kwamba wanapata wagonjwa wengi kuliko kawaida wa ugonjwa unaofanana na ule wa kutetemeka na kukakamaa wa wazee, Parkinson, ila wao hawasikii dawa zake za kawaida, na wengi walikuwa watumiaji wa matunda na chai za jamii ya stafeli na topetope. Kinachoshukiwa ni kitu kinaitwa anonasini, kimo kwenye tunda, mbegu na majani, na kwenye wanyama wa maabara kimeonekana kinaharibu chembe za ubongo. Haijafungwa mia kwa mia kwamba ndo sababu. Lakini ona kichekesho chake: kile kinachoua chembe kwenye kisahani na hiki kinachoshukiwa kuharibu ubongo ni ukoo mmoja wa kemikali.

Hii haimaanishi ukiona stafeli ukimbie. Kula bakuli lako la stafeli msimu ukifika, juisi yake na maziwa kidogo na iliki wallahi ni starehe. Mbegu tema. Ninachokisema ni chai ya majani kila siku miezi na miaka, hiyo sio chakula tena. Na kubwa kuliko yote ni muda. Mama ana uvimbe kwenye ziwa, badala ya kwenda akapimwe, wanaukoo wanakubaliana aanze majani kwanza "tuone", wanaona mpaka mwaka umeisha, anakuja kufikishwa Ocean Road, hospitali ya saratani, uvimbe umeshatembea. Stafeli halikumuua, lakini lilimshika mkono asiende.

Birimbi kwa kolesteroli, na yule ndugu yake wa nyota

Birimbi hapa Tanga ni mboga ya nyumbani. Unayajua, vile vidude vya kijani vinavyoota kwenye shina la mti vimeshikana, ukiuma jino linakufa ganzi. Tunayakata tunayatia chumvi tunayaanika juani mpaka yasinyae, yanatoka achari, au unayatupia kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu. Hapo hamna shida yoyote, kwa sababu nani anakula birimbi zaidi ya mawili matatu kwa mlo.

Shida imeanza watu walipoambiwa juisi ya birimbi inayeyusha mafuta mwilini. Wanachukua kapu zima, wanasaga kwenye blenda, wanachuja, wanakunywa glasi, tena asubuhi kabla ya kula ili "ifanye kazi vizuri". Hii imeshatokea kwa wenzetu tayari. Kule Kerala, India, wana imani hiyohiyo ya birimbi na kolesteroli, na mwaka 2013 madaktari wa figo waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zilisimama ghafla baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi, baadhi yao ikabidi wawekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Kinachofanya kazi hiyo kinaitwa oksaleti. Ni asidi ambayo ikiwa nyingi kwenye damu inashikana na kalsiamu, inatengeneza vijiwe vidogovidogo vyenye ncha ndani ya mirija ya figo na kuiziba. Mbaya zaidi watu 10 hao hawakwenda kutafuta ulevi wala sumu, walikuwa wanatafuta afya.

Ndugu yake birimbi ni lile la kona tano, ukilikata linatoa umbo la nyota, wengine wanaliita karambola. Hilo limeanza kuonekana kwenye bustani za watu na hotelini wanapambia glasi. Kwa mtu mwenye figo nzima kipande kimoja viwili sio tatizo. Kwa mwenye ugonjwa wa figo ni marufuku, tena marufuku kabisa, hata tunda moja. Lina oksaleti na juu yake lina sumu ya mishipa ya fahamu ambayo watafiti wa Brazil waliitambua mwaka 2013 wakaiita karamboksini. Figo nzima inaitoa, figo mbovu inaiacha ipande kichwani. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kwikwi isiyokatika, mtu ana kwikwi masaa na masaa nyumbani wanamtania kwamba anatajwa mahali, baadae anachanganyikiwa, anapata degedege, na wapo waliokufa. Kwa hiyo mgonjwa wa figo akishikwa na kwikwi baada ya kula tunda lile hakuna kusubiri kukuche, ni hospitali moja kwa moja na aseme alichokula.

Na kwa wagonjwa wa figo wala sio hilo peke yake. Madafu, ndizi, parachichi, fenesi, yote hayo yana potasiamu kwa wingi, na figo ikishindwa kuitoa inasumbua moyo. Mtu anaambiwa dafu linasafisha figo, anampelekea mgonjwa wa figo madafu ya mkungu mzima kwa mapenzi. Muulizeni kwanza daktari wake.

"Balungi ni kiboko ya presha"

Shangazi yangu mmoja ana presha ya siku nyingi, na dawa anameza kweli, sio wale wa kumeza wakijisikia. Akaambiwa na shoga yake wa kikoba aongezee balungi kila asubuhi, glasi nzima, presha itashuka. Nikamwambia, shangazi, hiyo dawa yako inaitwaje kwanza? Akaenda kuleta kikaratasi. Nifedipini. Nikamwomba aache balungi mpaka aulize kliniki, akanitazama kama nimemtukania rafiki yake, lakini aliuliza, na huko wakamwambia aache.

Habari yenyewe iligunduliwa kwa bahati tu. Mwaka 1989 kundi la David Bailey kule Kanada lilikuwa linapima kama pombe inaathiri dawa moja ya presha, felodipini. Ili watu wasijue wamepewa pombe au la, wakachanganya na juisi ya balungi kuficha ladha. Matokeo yakawa ya ajabu, dawa ilikuwa nyingi kwenye damu kupita matarajio, hata kwa wale ambao hawakupewa pombe. Mchawi alikuwa balungi. Ndani ya ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu, na kiwango cha dozi kimepangwa kwa kujua kwamba sehemu fulani itavunjwa. Balungi lina vitu vinavyoitwa furanokumarini vinavyoua kile kimeng'enya, sio kukizuia kwa muda, kukiua, mpaka mwili utengeneze kingine. Kwa hiyo umemeza kidonge kimoja lakini mwili umepokea kama umemeza viwili au zaidi. Presha inashuka kweli! Inashuka mpaka unadondoka bafuni.

Na ile mbinu ya "nakunywa balungi asubuhi, dawa nameza usiku" haisaidii, kwa sababu kimeng'enya kinachukua siku moja mpaka tatu kurudi. Sio dawa za presha zote, na sio presha peke yake, zipo za kolesteroli kama simvastatini ambapo ikizidi mwilini inaharibu misuli, zipo na nyingine za moyo. Machungwa yetu matamu ya Muheza hayana neno hapa, kula utakavyo. Ila danzi linaingia kundi moja na balungi. Ukinunua dawa mpya muulize tu mtu wa famasi "hii inagombana na balungi?", ni swali la sekunde tano.

Rangi nyekundu na damu

Kuna hesabu ya kienyeji ambayo haijawahi kufeli kupata wafuasi: kitu chekundu kinaongeza damu. Ndo maana matunda damu ya Lushoto, yale mekundu yenye umbo la yai, yanapelekwa wodi ya wazazi kwa vikapu. Jina lenyewe limeshayatangaza. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Ukipima madini chuma ndani yake hayafiki hata miligramu 1 kwa gramu 100. Maini ya ng'ombe yana kama 5, na yale ya kwenye maini mwili unayanyonya kirahisi kuliko ya kwenye mimea. Dagaa, maharage, mchicha na matembele pia yana nafasi yake.

Lakini msiyatupe bado, kwa sababu kuna mlango wa nyuma. Vitamini C inasaidia sana mwili kunyonya chuma cha kwenye mboga na maharage, kwa hiyo tunda damu, au pera, au chungwa, likiliwa pamoja na maharage linakifanya kile chuma kiingie. Likiliwa peke yake kwa kutegemea wekundu wake halifanyi kitu. Kinyume chake ni chai ya rangi iliyokolea palepale na chakula, hiyo inazuia chuma, na sisi watu wa pwani na chai tunajuana. Iweke mbali kidogo na mlo. Na mjamzito aliyeambiwa damu imepungua ameze vile vidonge vya kliniki, hata kama vinamfunga choo, kwa sababu malaria na minyoo nayo yanakula damu na tunda haliwezi kushindana na hivyo.

Hapohapo linakufa na lile la "tunda lazima uanze nalo tumbo tupu, ukila baada ya wali linaozea tumboni". Tumboni kuna asidi kali, hakuna kitu kinachokaa kikaoza. Na kama tulivyoona, tunda pamoja na chakula ndo lina faida zaidi kwenye chuma. Tena tumbo tupu kuna wakati ni hatari: Muzaffarpur kule India watoto walikuwa wanapata degedege na kufa kila msimu wa laichi, wale jamaa wa shokishoki, miaka mingi hakuna anayejua kwa nini. Uchunguzi wa mwaka 2014, uliochapishwa 2017, ukaonyesha watoto wengi walishinda mashambani wakila laichi kisha wakalala bila chakula cha usiku, na tunda hilo lina sumu inayouzuia mwili kutengeneza sukari yake wakati wa njaa, sukari ikashuka usiku ubongo ukazima. Maembe na mapapai hayana hiyo kitu, msianze kuogopa. Ila mtoto asilale na matunda peke yake tumboni.

Sukari ya matunda

Hapa kuna kambi mbili zinazogombana na zote zimekosea. Kambi ya kwanza: sukari ya matunda ni ya asili, mwenye kisukari ale tu hata tende sahani nzima. Kambi ya pili: mwenye kisukari akiona embe afumbe macho.

Tunda zima linakuja na nyuzinyuzi na maji yake, unalitafuna, sukari inaingia polepole na unashiba mapema. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2013 ulifuatilia watu wengi kwa miaka mingi, ukakuta wanaokula matunda mazima wanapata kisukari kidogo kuliko wengine, na wanaokunywa juisi za matunda mara kwa mara wanapata zaidi. Matunda yaleyale. Shirika la Afya Duniani nalo juisi ya tunda, hata ya kukamua mwenyewe bila kuongeza kijiko, linaihesabu kundi moja na sukari ya kuongeza, na linataka sukari za namna hiyo zisivuke asilimia 10 ya nguvu yote ya siku. Glasi moja ya juisi ya machungwa imemeza machungwa manne matano, nani anakaa chini akala machungwa matano kwa dakika mbili?

Kiasi ndo kila kitu. Gramu 100 za tikiti zina sukari kama gramu 6, pera 9, epo 10, embe 14, zabibu 15 au 16, fenesi 19, na tende inapiga 60 na kitu. Mwenye kisukari anaweza kula kipande cha embe cha kiganja, sio embe dodo tatu kwa sababu msimu umefika na zinaoza. Tende mbili tatu za kufuturia, zihesabu kwenye mlo. Na asiache dawa kwa sababu ya tunda lolote, liwe la kutoka Vietnam au la kutoka Pongwe.

Mengine nayapitia haraka. Nanasi linayeyusha kitambi: hapana, kimeng'enya chake kinalainisha nyama kwenye sufuria, mafuta ya tumboni hakiyafikii. Ndimu na maji ya moto vilevile, unachopata ni maji. Kiwi kwa choo kigumu: hii ni kweli, kiwi mbili kwa siku zimepimwa na zinasaidia, ila papai na maji ya kutosha navyo unavyo kwa bei ya mia tano. Na yale matangazo ya "tunda lenye antioksidanti mara mia" yalikuwa yanategemea namba za kipimo cha maabara ambazo wizara ya kilimo ya Marekani iliziweka kwenye tovuti yake na ikaziondoa yenyewe mwaka 2012, kwa sababu kampuni zilizigeuza tangazo na hazikuwa zinaonyesha kinachotokea ndani ya mwili wa mtu.

"Dragoni linatoa uchafu wa damu, utauona kwenye mkojo"

Hili la mwisho nimelisikia kwa muuzaji mwenyewe, kwa kujiamini kabisa. Kula hili jekundu ndani, kesho ukienda chooni utaona sumu inatoka. Na ukienda unaona kweli! Mkojo umekuwa wa pinki, choo nacho kimegeuka, mtu anarudi kununua lingine. Ile ni rangi ya tunda tu, inaitwa betalaini, ukoo mmoja na rangi ya bitiruti. Imepita kama ilivyoingia, haijabeba uchafu wowote. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo na zinaifanya usiku na mchana bila dragoni.

Rangi hiyo inaisha ndani ya siku moja mbili ukiacha kulila. Ikiendelea baada ya hapo, au hukula dragoni wala bitiruti na mkojo ni mwekundu, hasa ule wa mwisho unapomalizia, au kwa mtoto anayeshinda mtoni na kwenye madimbwi anaogelea, usikae ukasema sumu inatoka. Ukanda wetu huu wa pwani una kichocho, na damu kwenye mkojo ndo dalili yake kubwa. Nenda zahanati na mkojo upimwe. Dawa yake ni prazikwanteli, vidonge vinavyopangwa kwa uzito wa mtu, na wote wanaooga kwenye maji yaleyale nao wapimwe.